Vipua vya Livina

Coleta aliketi kwenye kizingiti cha mlango wake, bakuli la njegere kavu mapajani, akizichagua moja moja. Alitaka ngumu, za duara, zisizo na ufa, kwa sababu hazikuwa za kupikwa, zilikuwa za kuvaliwa. Alipopata za kutosha alizigawa kwenye viatu vyake vya mbao, kushoto na kulia, akavuta soksi za sufu, akaingiza miguu na kusimama. Uso wake ukakunjamana kidogo. Zilikuwa njegere nzuri.

Lalie, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa kwenye pampu ya uchochoro. Ndoo yake ilishajaa zamani, lakini mwenyewe hakuwa na haraka.

"Leo unatembea kwa niaba ya nani, shoga?"

"Koo la Madam Van Hauwe."

"Kwani koo hilo halina miguu yake?"

"Lina miguu, lina gari, lina hata farasi wa kulivuta. Ndiyo maana linanituma mimi."

Lalie alicheka mpaka maji yakamwagika. Coleta akafunga kitambaa cha kichwa, akachukua mkate wake uliopakwa mafuta ya nguruwe, akaondoka kuelekea barabara ya Brugge.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuhiji kwa niaba ya watu. Pale Ghent wenye nacho hawakujisumbua kwenda wenyewe kwa watakatifu. Barabara ni tope, na watakatifu wana tabia ya kukaa mbali. Walimtuma Coleta. Alikwenda mpaka Gistel, kwa Mtakatifu Godelieve, ambaye alinyongwa na kwa hiyo mambo ya koo anayajua. Alikwenda na njegere viatuni, haongei na mwanamume, hageuki nyuma, na kila penye daraja anasali. Alichotumwa kukiondoa alikiondoa. Kigugumizi cha kasisi msaidizi wa kanisa la Mtakatifu Yakobo alikiacha Gistel, na mbwa wa kule wakabweka kwa kukwamakwama mpaka mavuno. Wanawake wengine walijaribu kazi hiyo wakaambulia malengelenge tu. Watakatifu walimsikia Coleta, basi, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sharti lilikuwa moja. Mzigo wa nyumba yako haupelekeki. Ukiupeleka kwa mtakatifu, unarudi nyumbani kabla yako. Coleta alilijua hilo tangu mumewe, mpakuzi wa majahazi ya mkaa, alipopata homa. Alihiji akilia njia nzima, na aliporudi aliikuta homa imemtangulia, imelala upande wake wa kitanda na blanketi imejifunika. Mumewe alizikwa wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo kwa binti yake, Livina, hakuwa na la kufanya, na jambo hilo lilikuwa likimla.

Livina alichana kitani kwenye kiwanda cha Bwana Van Hauwe, ng'ambo ya mfereji, tangu alipokuwa bado ana mapengo ya utoto. Madirisha ya chumba cha kuchania yalikuwa yamepigiliwa misumari, kwa sababu upepo ukiingia kitani kinakauka na uzi unakatika. Vumbi lilikaa humo ndani kama mpangaji aliyekataa kuhama. Wanawake wa chumba kile walianza na kikohozi cha Jumatatu. Baadaye kikawa cha wiki nzima. Baadaye parokia ikaleta jeneza, na mwingine akaingia kwenye nafasi. Uchochoroni kwao kuta zilikuwa nyembamba, na watu walijua kila mmoja amefika wapi kwa kusikiliza tu.

Kikohozi cha Livina kilikuwa na namna yake. Viwili vifupi, kisha filimbi ndogo mwishoni, kama ya birika linalokaribia kuchemka. Coleta alikisikia kutoka kitandani kwake, na kila kilipolia alisema, "Pole, mwanangu," na Livina akajibu, "Nimeshapoa, Mama," kisha akakohoa tena. Nyapara alikuwa ameshamwambia: "Kikohozi chako kinanitikisia uzi. Ukifika nacho Pasaka, ubaki kwenu." Coleta hakuwa na wasiwasi sana na nyapara. Aliogopa jeneza la parokia, ambalo lilikuwa la rangi ya kijivu na kila mtu mtaani alijua vipimo vyake.

Aliporudi safari ile, koo la Madam limebaki Gistel salama, uchochoro ulikuwa kimya. Alisimama nje ya mlango wake na mkono ukagoma kusukuma. Alihesabu pumzi zake mwenyewe, akingoja viwili vifupi na filimbi, na havikuja. Mwishowe alisukuma kwa bega. Livina alikuwa mezani anamenya viazi, anaimba.

"Mbona umesimama huko nje kama mdai? Ingia, Mama, baridi."

"Hukohoi."

"Sikohoi."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilijifukiza kwa Bwana Verstichel, kwenye sufuria lake la sharubati."

Bwana Aloïs Verstichel alikuwa mfamasia nyuma ya Soko la Mboga, mseja mwenye moyo mzuri na kichwa kinachovuja. Jumapili ile alikuwa jikoni anachemsha sharubati ya kifua, rasiberi na sukari na gundi ya miti, Livina akapita na kifua chake, na mzee akamwonea huruma. Akamketisha juu ya sufuria, akamfunika shuka, akamwambia avute mvuke. Livina alivuta, akakohoa humohumo sufuriani, viwili vifupi na filimbi, mpaka shuka ikatota. Kisha akaenda zake. Mfamasia akakumbuka kwamba chupa zimekwisha, msimu ule nusu ya Ghent ilikuwa inakohoa. Akajaza sinia wanga, akabonyeza mashimo kwa kalibu ya kutengenezea zile dawa zinazoingizwa kusikotajwa mbele ya wageni. Naam, ndiyo hiyohiyo. Leo watu wakila vitamu vilivyotokana nayo, vile vipua, hawapendi kukumbushwa. Akamimina sharubati kwenye mashimo, akaiweka sinia juu ya jiko la vigae, akaitwa Eeklo kwa shangazi mgonjwa, na kichwa kikavuja.

Coleta alimkuta amerudi, amesimama nyuma ya kaunta, sinia mbele yake. Sharubati ilikuwa imegeuka vidude vya zambarau vyenye ncha, ganda gumu nje, majimaji ndani. Alikuwa ameuma kimoja. Akakohoa, viwili vifupi, kisha filimbi. Coleta akashika kaunta.

"Bwana Verstichel, hicho ni kikohozi cha mwanangu."

"Nilihisi si changu," alisema mfamasia. Akafungua leso yake. Ndani kulikuwa na kitonge cha kitani, kijivu, laini, cha kutosha utambi wa mshumaa. "Imeniharibikia hii, Mama Coleta. Ilitakiwa iponye. Badala yake inabeba."

"Umekohoa mara ngapi?"

"Mara moja tu. Kisha ikapita, ikabaki ladha. Tamu, kwa kweli."

"Vilivyobaki unavifanyia nini?"

"Ninavitupa."

"Ukivitupa, Bwana Verstichel, kwa heshima zote, nitakuvunjia vioo."

Alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mtu mwenye elimu. Hii ilikuwa kazi yake ileile, ila safari hii wenye nacho watahiji wenyewe, kwa mdomo. Kila atakayekula atabeba kikohozi kimoja, ateme kitani kidogo, aende zake. Mtu hapungukiwi kitu kwa kikohozi kimoja. Livina alikuwa anapungukiwa kwa sababu vilikuwa vyake vyote. Mfamasia aliona ni hesabu ya haki, akampa sinia na toroli la mkono.

Coleta akaegesha toroli Sokoni, upande wanaoshukia wenye magari. Aliuza kwa wenye kofia tu. Baridi ilikuwa imewafanya watu wote wawe na pua za zambarau, na mzaha ukajileta wenyewe. Kabla ya adhuhuri kila mtu alikuwa anaviita vipua. Mabibi waliuma ncha, wakafyonza majimaji, wakafumba macho. Kisha wakakohoa, wakafuta kitani kwa ncha ya glavu, wakaomba kingine. Mwanasheria mmoja alisema ni nywele za rasiberi. Hakuna aliyebisha.

Lalie alikuja na senti yake mkononi.

"Nipe kipua."

"Sikuuzii, Lalie."

"Alaa! Senti yangu ina kutu?"

"Wewe pia unachana kitani. Una kikohozi chako, cha mwenzio utakiweka wapi?"

Lalie aliondoka amevimba, akatangaza pampuni kwamba Coleta siku hizi anauzia kofia, hauzii watu. Lakini Jumapili iliyofuata alikuwa jikoni kwa mfamasia, nyuma ya Livina, akingoja zamu yake chini ya shuka. Jumapili nyingine wanawake wa kiwandani walikuwa kwenye foleni mpaka barabarani, kila mmoja na sufuria lake.

Kitu kimoja Coleta alikijua kwa bahati mbaya. Kipua kimoja kilidondoka nyuma ya jiko nyumbani kwake kikasahaulika. Wiki ya tatu aliposogeza jiko afagie alikiokota, na alipokigonga kilikuwa jiwe, majimaji yote yamekuwa sukari. Mezani nyuma yake Livina alikuwa anakula viazi na mtindi. Akaweka kijiko chini, akakohoa, viwili vifupi na filimbi.

"Pole, mwanangu," Coleta akasema. Baada ya hapo alijua. Kipua lazima kiliwe kabla hakijaganda. Kikiganda, kikohozi kinamrudia mwenyewe.

Lakini vililiwa. Vililiwa asubuhi na jioni. Livina akanenepa mashavu, akaimba kazini, na nyapara akafurahi, akamhamishia mashine ya pembeni, penye vumbi zito zaidi, kwa kuwa ana mapafu ya chuma. Nyumba ikawa kimya usiku kucha. Coleta alikosa usingizi kwa ajili ya ukimya huo, akawa anakaa kitandani akisikiliza, na alikuwa na furaha mpaka akaona haya.

Furaha ndiyo iliyomharibia. Coleta alijua sikukuu ya kila mtakatifu, hata wale ambao makasisi wameshawasahau. Mwaka ule alisahau Kwaresima. Bwana Verstichel naye hakuwa mtu wa kukumbuka. Jumapili ya kanivali, mji mzima ukicheza na vinyago mitaani, walimfukiza Livina kwanza, kwenye sufuria kubwa kuliko yote, na wakamimina sinia mpaka zikajaa kaunta, rafu na kitanda cha mfamasia. Jumatano Coleta alisukuma toroli mpaka Sokoni, akaona watu wanapita na majivu kwenye paji la uso.

"Vipua, Bibi? Vipua, Bwana?"

"Mpaka Pasaka, mama," walimjibu kwa upole. "Tumeacha vitamu."

Alisimama hapo kila siku. Majivu yalififia kwenye mapaji na watu hawakununua. Pale Ghent tunaweza kumdanganya mfalme na kumwibia jirani kuni, lakini sukari ndani ya Kwaresima haigusi mtu. Kila asubuhi Coleta aliinua kipua kimoja akakitikisa sikioni, na kila asubuhi majimaji ndani yalikuwa yanasogea kwa uzito zaidi. Nyumbani Livina alianza kusafisha koo. Mara moja, halafu mara nyingine.

Coleta alijaribu kuvila mwenyewe. Alikaa kizingitini akatafuna mpaka meno yakauma, na havikumkohoza hata kimoja. Vilipita kimya kama mkate. Ndani, Livina akakohoa vyote alivyokula mama yake, mfululizo, ameshika ukingo wa meza.

"Mama, acha," alisema alipopata pumzi. "Nakuomba."

Coleta aliacha. Akaosha mikono, akajaza kapu, akaenda kwa Madam Van Hauwe.

Madam alimpokea sebuleni, akinywa kahawa bila sukari na kuipa kahawa hiyo macho ya huzuni. Koo lake lilikuwa zima, liling'aa hata kwa sauti. Coleta alibaki amesimama kwa sababu hakuambiwa aketi.

"Madam, nimekuja kwa ajili ya vipua."

"Ah, usinitamanishe, Coleta! Mpaka Pasaka."

"Pasaka vitakuwa vimeganda. Madam, ndani yake kuna kikohozi cha binti yangu. Yuko chumba cha kuchania, kwenu. Vikiganda kinamrudia, na sasa kimerundikana. Hakitambakiza."

Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima na alitegemea kikombe kianguke. Madam alikiweka kwenye kisahani bila sauti.

"Nilijua ni kitani chetu," alisema. "Hakuna kitani laini hivyo Ghent nzima. Nilimwambia mume wangu siku ya kwanza tu, nilipokiona kwenye glavu."

"Madam alijua?"

"Mtu anajua mali yake, Coleta."

Coleta alitazama zulia. Lilikuwa zulia zuri, la waridi za bluu. Alikuwa na hasira mpaka masikio yakawaka, lakini hasira hiyo isingekula vipua.

"Basi Madam avile kama kitubio," alisema. "Asivile kwa utamu, avile kwa kukohoa. Mabibi wengine wameacha siagi, na siagi kila mtu anaacha. Kumkoholea maskini, sijasikia bado nani amefanya."

Madam aliinua kichwa. Alifikiri, na jinsi alivyofikiri uso ukamchangamka.

"Madam De Coninck ameweka kokoto chini ya godoro," alisema polepole. "Lakini nani anaziona?"

"Hakuna, Madam. Kukohoa kunasikika mpaka altareni."

Kengele ikapigwa, mtumishi akatumwa na kadi, na kabla kahawa haijapoa jambo lilikuwa limekwisha. Coleta alikuwa mlangoni alipogeuka.

"Na dirisha, Madam. Wangefungua hata moja tu, upande wa mfereji."

"Ah, hayo ni ya mume wangu. Hyacinthe!" aliita. "Coleta anauliza habari ya dirisha."

Bwana Van Hauwe alichungulia kutoka chumba cha pili, gazeti mkononi, mtu mpole, mwenye miwani.

"Dirisha likifunguliwa uzi unakatika," alisema. "Na siku hizi si wanakoholea kwa mfamasia? Dirisha la nini tena?" Akarudi kwenye gazeti.

Kwaresima ile watu wa Ghent wanaikumbuka. Mabibi walivila vipua baada ya komunyo, kwenye viti vya mbele vya kanisa la Mtakatifu Nikolasi, wakiwa wamevaa meusi, macho chini. Kisha walikohoa. Walikohoa wote kikohozi kimoja, viwili vifupi na filimbi ndogo, safu baada ya safu, na kitani kikapanda taratibu kwenye mwanga wa madirisha ya rangi, kikaelea juu ya mishumaa, kikatua kwenye mabega ya watakatifu. Kasisi alinyamaza katikati ya sala ya mwisho akangoja kiishe. Coleta alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, penye baridi. Kilikuwa kikohozi cha Livina hasa, cha usiku wote ule wa nyumbani kwao, na kilikuwa kimelijaa kanisa zima. Kilikuwa kizuri. Alikichukia kwa kuwa kizuri, na alilia kwa sababu alikuwa na hamu nacho.

Madam Van Hauwe alikula kuliko wote. Wenzake wakila kimoja, yeye alikula vitatu, na Madam De Coninck alipofikisha vitatu Madam akaagiza sinia nzima nyumbani. Mwisho wa Kwaresima sinia za kanivali zilikuwa tupu na Livina alikuwa anabeba ndoo mbili kwa mkupuo.

Alhamisi Kuu kengele za makanisa ya Ghent zikaenda Roma kukaa mpaka Pasaka, kama kila mwaka. Zilipita juu ya mapaa mchana, kubwa mbele, ndogo nyuma, na watu wakashika kofia zao kwa upepo. Kengele ya kiwanda haikwenda, kwa sababu haijabatizwa. Ilibaki juu ya lango lake ikaita zamu ya asubuhi na ya jioni katika mji ulio kimya, na Livina akaenda na kurudi. Jumapili ya Pasaka zile nyingine zikarejea, zikaangusha mayai bustanini kwa wenye bustani.

Siku chache baadaye Madam alimwita Coleta.

"Kitubio kimekwisha," alisema, "lakini hiki kikohozi hakijui." Akakohoa, viwili vifupi, filimbi. Kilikuwa kimemkaa. Mtu hali sinia nzima bure. "Hapa kuna safari yako ya Gistel. Kakiache kule."

"Madam, mtume mwingine."

"Mwingine nani? Wengine wanarudi na malengelenge."

Ilikuwa kweli. Coleta alisimama kwenye waridi za bluu. Angekataa, Madam angekasirika, na Madam akikasirika mabibi wangeacha vipua, na kila Jumapili kulikuwa na sufuria jipya. Angekwenda, angekuwa amepeleka mzigo wa nyumba yake kwa mtakatifu, na kabla hajafika daraja la mwisho kikohozi kingekuwa kimeshajilaza kifuani kwa Livina, chote, na cha sinia yote. Maisha yake yote hakuwahi kumpunja mtakatifu hatua hata moja.

"Nitakwenda, Madam," alisema.

Alichagua njegere kizingitini, mbele ya watu. Akazivaa. Akapita langoni, akachechemea mpaka daraja la kwanza nje ya mji, pale wanapofulia, kisha akaketi kwenye nyasi, akavua viatu. Akazitoa njegere, akazifunga kwenye pembe ya leso. Nyayo zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu, akazitia kwenye maji.

"Godelieve," alisema, "wewe ulinyongwa. Utanielewa." Akangoja kidogo. Bata alipita na watoto wake.

Alilala kwenye ghala la nyasi la mtunza daraja, akala mkate wake, akatazama majahazi ya kitani yakipanda kuelekea mjini. Siku zilipotimia za mtu kwenda na kurudi alivaa viatu vitupu, akarudi akichechemea. Kuchechemea huko alikuona kugumu kuliko njegere zenyewe.

"Amesema nini mtakatifu?" Madam aliuliza, na akakohoa.

"Amesema kinafaa kukaa hapo kilipo, Madam. Amekiona si cha mtu wa kawaida."

Madam aliinama kidogo, kama mtu aliyepewa nishani, akamlipa.

Jioni ile Coleta alizipika njegere, na kitunguu na kipande cha mafuta. Zilikaa motoni muda mrefu zisitake kulainika. Livina alikula kwa hamu ya mtu mzima wa afya.

"Mama, hizi njegere zako ngumu."

"Kula tu. Hazijatembea sana."

Jumatatu kengele ya kiwanda ikalia. Livina akafuta mdomo, akajifunga kitambaa, akatoka na Lalie na wenzao, wanacheka wote, hakohoi hata mmoja. Coleta akapakia sinia mpya kwenye toroli, akaanza na nyumba za ng'ambo. Alipopita kiwandani aliona mafundi wawili juu ya ngazi. Walikuwa wanaziba nyufa za madirisha kwa udongo mweupe, kila palipokuwa panapitisha hata uzi wa hewa, na walikuwa wanapiga mluzi.

Madam alimfungulia mwenyewe. Akachagua kipua kikubwa, akauma ncha, akafyonza, akafumba macho. Kisha kikaja, viwili vifupi, na filimbi ndogo mwishoni.

"Pole, mwanangu," alisema Coleta.

"Unasemaje?"

"Nimesema viko vingi, Madam. Chukua kingine."